Moshi Niliofungia Ndani ya Nyumba

Bamama na bababa, muko wengi leo na haya inanishika. Lakini nitasema tu, juu muficha ugonjwa, kilio kinamuumbua.

Kule kwetu Lweba kazi yangu ilikuwa kubanika mikebuka, ile samaki ya ziwa letu, juu ya moto ya kuni. Vita ilipoingia, moshi ikageuka adui. Basoda, wale wenye bunduki, bakiona moshi inapanda, banajua pale kuko chakula. Banakula yote, na fimbo unapata. Mi nikafanya akili: moto nikaingiza ndani ya nyumba tunamolala. Mulango nikafunga, dirisha nikaziba na blanketi. Ndugu zangu, nawaambia, nilijisifu sana!

Mutoto yangu, wa miaka mitatu, akaanza kukohoa. Macho nyekundu, kifua inapiga filimbi, chakula hataki. Na mi, badala ya kuangalia moto yangu, nikaangalia jirani. Wiki ile nilikuwa nimemunyima samaki, nikazani analipiza. Nikaenda kumupigia kelele mbele ya bantu: "Ni we unamuloga mutoto yangu!"

Yule mama alimubeba mutoto mugongoni, akasema, "Twende Swima, kwa munganga wa kituo cha afya. Matusi utamalizia njiani."

Munganga akanusa nguo ya mutoto. "Mama, munalalaga na samaki?" Nikamueleza yote. Akatikisa kichwa: "We unamukausha mutoto pamoja na mikebuka."

Nikalia pale pale. Akanionyesha kibao cha jua juu ya paa, chenye kiliwasha taa yao. "Jua inatufanyia kazi bila moshi. We, kuanika samaki juani inakushinda nini?"

Tuliporudi, jirani akanifundisha kupasua samaki, kuitia chumvi na kuianika juu ya kitanda cha matete. Ya kwanza mvua iliipiga, ikatoa mabuu. Musicheke! Ya pili ikakauka vizuri, na hakuna soda aliona moshi.

Kifua ya mutoto ilichelewa kupona. Asubuhi moja nikaamuka: kimya. Nikashituka, nikazani amekufa. Nikaweka mukono mbele ya pua yake. Alikuwa anapumua, polepole, bila filimbi. Nilicheka peke yangu, nikalia, nikamushukuru Mungu.

Aksanti kwa munganga yule. Na aksanti kwa jirani, iko hapa kati yenu; jina sitaji, ananikatalia na macho. Mama, unisamehe.

Nanyi bamama, mutoto akikohoa, mbele ya kwenda kugonga kwa jirani, fungua kwanza dirisha yako.