Papa Polycarpe Zagabe na Maji ya Nakahembe

Tarehe 30 Septemba 2024, Papa Polycarpe Zagabe anarudisha kizibao chake cha kijani na kuondoka kazini, baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Ulinzi wa Mazingira, tawi letu la Bukavu. Wenzangu walioniomba niandike wasifu huu walitaka uwe mfupi na wenye heshima. Heshima itakuwepo. Ufupi, tutaona.

Papa Polycarpe ni mtoto wa wakulima wa Kavumu. Alisoma kilimo, akaingia idarani mwaka 1992 kama wakala wa misitu, na tangu hapo ameshika karibu kila kazi ya ofisi hii, pamoja na kuziba paa lilipokuwa linavuja. Wageni hutuuliza mara nyingi idara yetu inafanya nini hasa. Kwa kifupi, sheria huandikwa Kinshasa, na sisi ndio tunaoishusha mpaka kilimani: nani akate mti na wapi, nani asijenge kwenye korongo, nini kisimwagwe mtoni. Kwa raia wengi basi sisi ni watu wa kukataza tu. Papa Polycarpe alikataza kwa moyo wote. Mimi mwenyewe alinikuta langoni asubuhi moja nikiwa na maandazi ndani ya sashe, ile mifuko ya plastiki ambayo serikali imeipiga marufuku. Alisimama pale mpaka nikayatoa maandazi yote na kuyabeba mikononi, mafuta yakinitiririka mpaka kwenye viwiko.

Safarini alikuwa na mtindo wake. Hata katika joto la Sange alishuka garini na koti na tai. Siku moja wenyeji wakamdhania mchungaji, wakamwomba abariki chakula. Hakukana. Aliomba kwa muda mrefu, na katikati ya sala akamwambia Mungu awasaidie ndugu hawa wasilime tena ukingoni mwa mto. Watu wakaitikia amina. Chakula kilikuwa kimepoa, lakini mwaka uliofuata tulikuta matete yameachwa yaote pale ukingoni.

Kule Mwenga, wachimba dhahabu walikuwa wakiona kizibao cha kijani wanaficha pampu zao porini. Yeye alikivua, akaketi nao, akala fufu lao, ule ugali wa muhogo, akawauliza watoto wao wanakunywa maji ya wapi. Ilichukua safari nyingi, na si wote walimsikiliza. Ila kundi moja lilihamisha kazi ya kuosha mchanga mbali na kijito cha kijiji, na mpaka leo wanamtumia salamu kila tunapokwenda huko.

Sasa tufike Nakahembe, maana kumwandika Papa Polycarpe bila Nakahembe ni kuandaa fufu bila mboga ya sombe.

Nakahembe ni chemchemi iliyo chini ya kilima huko Bagira. Mwaka 2009, katika kampeni ya kupanda miti, yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuizungushia mikaratusi. Nia ilikuwa njema. Kilima kilikuwa uchi, udongo ulikuwa unashuka na kila mvua, na mikaratusi ndiyo miche iliyojaa kwenye kitalu chetu. Ngoma zilipigwa, soda zikagawiwa, sote tukapiga picha. Miti ikakua haraka, kama tulivyoahidi. Ikanywa maji pia, na hilo hatukuwa tumelihesabu. Baada ya miaka kadhaa bomba la chemchemi lilikuwa linatoa kijimfereji chembamba, na kila kiangazi kikakatika kabisa. Wanawake wa mtaa wakawa wanashuka na madumu mpaka ziwani, na watoto wakaanza kuharisha.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, Maman Georgette Cibalonza, alikuja ofisini akasema mbele yetu wote: "Papa, kaliptusi yako inakunywa maji ya batoto betu." Baadhi yetu tulimshauri Papa Polycarpe aseme ni mvua ndiyo iliyobadilika, na kweli mvua imebadilika. Yeye akapanda gari kwenda Bagira, akashinda kule, akarudi na kutuambia kwamba ile miti aliyoipanda itabidi ikatwe. Hayo aliyasema ndani ya ofisi ya mazingira, chini ya bango la kuhimiza kupanda miti!

Kukata miti ya hifadhi kunataka ruhusa, na ruhusa inatoka kwetu. Alivua kizibao, akaenda kuketi kwenye benchi la koridoni kati ya muuza makala, yaani makaa ya kupikia, na fundi seremala, akingoja zamu yake kama raia yeyote. Hakutaka mtu aseme kwamba bwana mazingira amejipa ruhusa mwenyewe. Ofisi ikamkatalia. Wiki iliyofuata alikuwa tena kwenye lile benchi, na muuza makala akamkaribisha kama jirani. Mwishowe mkuu wetu wa wakati huo alikubali kwa sharti moja: maji yasiporudi, au kilima kikiteremka juu ya nyumba za watu, kosa litakuwa la Polycarpe Zagabe peke yake, na ndivyo litakavyoripotiwa Kinshasa. Kila mtu hapa Bukavu anajua kilima kilicho uchi kinaweza kufanya nini usiku wa mvua. Papa Polycarpe alikubali papo hapo.

Mikaratusi ilikatwa mwaka 2019. Kwa mbao zake yalitengenezwa madawati ya shule ya mtaa, lakini siku ile njiani watu walitupigia kelele sisi wa mazingira: "Bantu ba environnement bamekuwa ba makala!" Mahali pa mikaratusi akapanda miti ya kienyeji ambayo wazee wa Bagira walimwonyesha, na matete ya kushika udongo. Tatizo ni kwamba mkaratusi haufi kirahisi. Kisiki kinachipua tena, na machipukizi yana kiu kuliko mti wenyewe. Kwa hiyo kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, mtaani kwake, alipanda kilima cha Nakahembe na panga kuyafyeka. Mke wake, Maman Anne-Marie, anasema kwa miaka mitano ameishi na mtu anayenuka dawa ya kikohozi.

Mvua zilikuja na kilima kikashika. Maji, hapana. Kiangazi kimoja, kingine, na kingine tena, bomba lilikauka. Humu ofisini kuna waliomwita Papa Makala. Alicheka nao, lakini kila ukifika mwezi wa nane hakula nasi mchana. Alikaa mezani kwake akitazama dirishani, na ilituuma. Tulijua kustaafu kunakaribia, na lile sharti bado liko palepale.

Mwaka huu, katikati ya Agosti, jua likiwa kali na mvua ya mwisho tumeshaisahau, Maman Georgette aliingia ofisini kitenge kimekazwa kiunoni na uso umekunjamana. Sote tukainamisha macho. Alipiga meza kwa kiganja. "Papa Zagabe, bale batoto ba kule juu banafulia manguo mu source ya Nakahembe! Sisi huku chini tunachota povu!"

Papa Polycarpe alisimama polepole, akauliza neno moja tu: "Maji iko?"

Maman Georgette akazidi kukasirika. "Iko! Njo maana nakuja kulalamika!"

Papa Polycarpe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi, akatoa leso, na ile leso ikakaa machoni muda mrefu. Nasi tukalia naye, wanaume kwa wanawake, huku maskini Maman Georgette akidhani tunamfanyia mzaha. Ilibidi aletewe kiti na chai ndipo tukamweleza.

Mchana uleule Papa Polycarpe alikwenda Bagira kwa kazi yake ya mwisho nje ya ofisi. Maji yalikuwa yanatoka, membamba bado lakini bila kukatika. Akakataza kufua juu ya bomba, kisha akachagua na kina mama mahali pa kufulia huko chini. Sijapata kumwona mtu akikataza jambo kwa furaha namna ile.

Maman Anne-Marie, asante kwa kutuazima mume wako, Jumamosi zake pia. Papa Polycarpe, asante kwa kutuonyesha kwamba idara inaweza kukosea mbele ya raia, ikasahihisha mbele yao, na bado wakaja kuigongea mlango. Kapumzike Kavumu, ule vizuri, ulale mpaka jua lichomoze, na vile visiki vinavyobaki tumegawana Jumamosi za kuvifyeka. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na amani. Siku Nakahembe watakapogombana tena kwa sababu maji ni mengi, tutakupigia simu.

Pascaline, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote