Mtoto Wangu Hakuwa na Pepo

Asifiwe Bwana aliyenifungua mdomo! Mnanijua, mimi ni Mama Upendo, nafua mashuka hotelini Oxon Hill, na hapa kanisani Lanham nimeabudu nanyi miaka tisa. Leo nashuhudia nikiwa na hasira, na sitaificha. Mnivumilie.

Ndugu zangu, mwanangu Upendo alizaliwa hapahapa Marekani. Alipoanza darasa la kwanza, shule ilinipa fomu: nyumbani mnazungumza lugha gani? Nikaandika KISWAHILI kwa herufi kubwa, nikiringa. Kumbe anayekizungumza ni mimi peke yangu. Yeye hujibu kwa Kiingereza, kama wa kwenu wote. Kwa fomu ile wakamwita kumpima Kiingereza. Nami nimemlea asipayuke mbele ya mtu mzima asiyemjua, basi akainamisha kichwa, akanyamaza. Ukimya ule wakaupa alama! Wakasema Kiingereza hajui.

Wakampeleka vyumba vya chini, pamoja na watoto wa kutoka El Salvador, wa Kikongo na wa Kihabeshi. Juu kuna maabara na hesabu za maana. Chini walikuwa wakipaka rangi picha za matunda, mwaka baada ya mwaka, mpaka darasa la sita! Mpango huo wao wanauita msaada. Mimi nauita zizi. Kila mwaka ilikuja barua ya kusaini, nami nikasaini bila kusoma, maana kwetu mwalimu habishiwi. Tena nikawapikia vitumbua vya shukrani. Vitumbua, ndugu zangu! Wakavila wakicheka.

Mtoto akawa mzito, alama ziko chini, haongei na mtu. Nikamleta hapa mbele. Mnakumbuka? Mkamwekea mikono, mkakemea pepo wa ujinga. Tukafunga siku tatu. Upendo alilia sana, tukasema pepo anatoka.

Aliyenizindua hakuwa mlokole mwenzetu. Ni jirani yangu, mama wa Kisalvador, aliyenigongea mlango Jumamosi moja. Wazazi wa watoto wa kule chini walikuwa wamepata wakili, wanaishtaki shule mahakamani. Akamsemesha Upendo kidogo, mtoto akamjibu Kiingereza cha kuteleza. Yule mama akanigeukia: "Na huyu wamemweka chini kwa nini?"

Akaniomba nikatoe ushahidi. Woga ukanishika! Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado hazijatoka. Na baadhi yenu mliniambia, "Dada, mgeni hagombani na mwenye nyumba." Wiki mbili nzima nikawa namkwepa jirani yangu.

Ndipo jioni moja nikamkuta Upendo amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akimwomba Mungu, kwa Kiingereza chake, amtoe yule pepo ili naye apande madarasa ya juu. Ee Bwana! Nililia mpaka nikakaa chini. Hapohapo woga ukaniacha, na haujarudi mpaka leo.

Nikasimama mbele ya jaji na kitenge changu cha Pasaka. Wakili wa shule akaniuliza, "Si wewe mwenyewe uliyesaini barua hizi?" Nikamwambia, "Nilisaini kwa sababu niliwaheshimu. Sasa ninyi mniambie, mbona hamkuniheshimu?" Akarudi kwenye karatasi zake. Jaji akaamuru watoto wote wapimwe upya, na wanaojua Kiingereza watolewe kule chini. Upendo alifaulu, sasa yuko juu, juzi kaniletea maelezo ya jaribio lake la maabara. Mungu ashukuriwe! Lakini miaka ile sita nani atamrudishia?

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, ni mwaminifu. Ila msiwasingizie mashetani kazi ya wanadamu. Barua ya shule isomeni kabla ya kusaini. Na kama mwanao yuko chini, njoo kwangu, nitakwenda nawe mpaka ofisini, tutakaa hapo mpaka watujibu.

Upendo amekaa pale, benchi la pili, mwenye sweta la kijani. Mliomwekea mikono siku ile, inukeni mkamwombe radhi. Mimi nimeshamwomba, asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani.

Kwaya, msianze. Wimbo utasubiri.