Tryphena Kasyoka Mwadime, Mkutubi Aliyewafungulia Majirani Mlango

Marehemu Tryphena Kasyoka Mwadime alizaliwa tarehe 14 Mei 1965 huko Maungu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Musyimi Muasya na Mama Nduku. Babake alifanya kazi ya reli. Mamake alilima kunde na pojo, na mvua ilipokataa kunyesha, kilichobaki kuwategemeza ni kisima alichochimba Mzee Musyimi nyuma ya nyumba. Nusu ya kijiji ilichota hapo, na hakuna aliyewahi kufukuzwa.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya hapo nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1978. Alifaulu na kupanda milimani kujiunga na shule ya wasichana ya bweni karibu na Wundanyi. Huko alikutana na baridi ambayo mtoto wa Maungu hakuwahi kuiota. Alikuwa amebeba blanketi moja tu. Alipenda kutuambia kwamba hakuingia maktaba kwa kupenda vitabu, ila ndicho chumba pekee kilichopigwa na jua la asubuhi. Akiwa anaota jua akaona aibu kukaa bure, akafungua kitabu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1982, kisha akasomea stashahada ya ukutubi jijini Nairobi.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa takatifu mjini Voi na Mwalimu Obadiah Mwadime, Mdawida, yaani Mtaita. Mavyaa wake aliuliza, kwa upole lakini kila mtu akasikia, "Sasa huyu Mkamba tutaongea naye lugha gani?" Mwaka haukuisha kabla Tryphena hajaanza kumjibu kwa Kidawida, na baadaye wawili hao wakawa hawaachani. Walijenga nyumba yao Kaloleni, mtaa wa hapo Voi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Immaculate na Morris.

Alifanya kazi katika maktaba za shule kadhaa za sekondari hadi mwaka 2008, alipoajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu karibu na Voi. Kazi hiyo aliipenda. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkereketa: wenyeji waliokiona chuo kila siku hawakuruhusiwa kupita langoni bila kitambulisho cha mwanafunzi.

Mwaka 2015, akipanga tasnifu mpya kwenye rafu, alifungua moja iliyohusu maji ya visima vya nyanda za chini. Ndani ya jedwali akaona: kisima cha Mama N., Maungu. Akakumbuka. Miaka mitatu nyuma, mamake alimsimulia juu ya binti mwenye adabu aliyekuja na chupa, akachota maji, akala isio ya mahindi na kunde nyumbani kwao, na kuahidi kurudi na majibu. Majibu yalikuwa hayo hapo, kwa Kiingereza, yakishika vumbi. Maji yale yalikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, yale yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na kuharibu mifupa.

Tryphena aliketi chini sakafuni, katikati ya rafu. Mpwa wake Susan, binti ya kakake Ben, alikuwa na umri wa miaka tisa na meno ya kahawia, na shangazi huyu alikuwa amemkemea mara nyingi mbele za watu kwamba hapigi mswaki. Jumamosi hiyo aliitia tasnifu mkobani, akaenda Maungu, na kabla hajaonana na mtu mzima yeyote akamwita mtoto.

"Susan, nilikukosea. Ulikuwa unapiga mswaki, sivyo?"

"Kila siku, shangazi."

"Basi nisamehe. Ni maji, mama. Si wewe."

Susan ndiye anayewasomea wasifu huu, na ameomba jambo hilo lisiachwe.

Kesho yake, baada ya ibada, Tryphena aliwasomea watu kurasa zile kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu akaeleza kwa Kikamba. Watu wakauliza maswali hadi jua likapinda. Kutokana na kikao hicho, wazazi walikwenda kwa chifu na ofisi ya maji wakiwa na karatasi mkononi, na hawakuchoka kurudi. Mwaka 2017 shule ilipata matangi ya kuvuna maji ya mvua, na watoto wakaacha kunywa ya kisimani.

Lakini tasnifu haziruhusiwi kutoka maktabani. Mwaka uleule wa 2015, habari zilipomfikia, mkuu wake wa kazi, Bwana Zephaniah, alimwandikia barua ya onyo na kumwita ofisini.

"Tryphena, unajua ulichofanya?"

"Najua, mkubwa. Nimevunja sheria, na barua nimeipokea. Lakini yale maji ni ya mama yangu. Walipotaka kuyapima walimpata. Mbona kumpa majibu ndiyo imekuwa taabu?"

Wiki mbili baadaye Bwana Zephaniah alimwomba ampeleke Maungu. Alikunywa chai kwa Mama Nduku, akawaona watoto na meno yao. Barua ya onyo haikufutwa. Sheria ni sheria. Ila yeye mwenyewe alipeleka hoja mbele ya wakubwa wa chuo, na kuanzia Januari 2016 maktaba ilifunguliwa kwa majirani kila Alhamisi. Tena, kila mtafiti aliyehoji watu wa kaunti hii alitakiwa kuacha ukurasa mmoja wa Kiswahili uwaelezee alichokipata.

Alhamisi zile walikuja wakulima wa ndizi kutoka Taveta, akina mama wa vikundi, na vijana wa bodaboda waliotaka kurudia mitihani. Siku moja bibi mmoja alikuwa akisomewa habari za viwavi wa mahindi, akawa anaitikia kwa sauti kubwa. Wanafunzi wakamnyamazisha. Tryphena akawageukia: "Mwacheni. Nyinyi mnasoma juu ya shamba, yeye anatoka shambani."

Alistaafu Mei 2025. Mwezi wa Agosti alipatwa na kiharusi, akatibiwa Voi na baadaye Mombasa. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi, na wote waliomwombea. Kila Alhamisi wodi ilijaa wageni, hadi muuguzi akawauliza, "Kwani ninyi nyote ni nani wa mgonjwa?" Mzee mmoja wa Maungu akavua kofia. "Sisi ni wasomaji wake," akasema. Marehemu, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ametamka neno, alicheka. Alituacha alfajiri ya tarehe 3 Novemba 2025, Mwalimu Obadiah akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Mwalimu Obadiah Mwadime, mamake mzazi, Mama Nduku, watoto wake Immaculate na Morris, wajukuu Shanice na Austin, kakake Ben, mpwa wake Susan na wapwa wengine wengi, pamoja na majirani ambao hatuwezi kuwaandika wote.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka sitini aliyotukopesha Tryphena. Ampokee, ampumzishe, na amani yake isikome.