Nahashon Owuor na Mke Aliyerudi Jikoni

Ndugu, majirani wa Buruburu, na wenzake wa kazi mliofika kutushika mkono, mimi ni Jackton, mtoto wa dada wa marehemu, familia imenituma niwasomee safari ya mjomba wetu Nahashon Owuor, naye hakupenda sifa za msibani, kwa hivyo nitamsema alivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Ugenya, kitinda mimba wa mzee Odongo na mama Aluoch, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la saba, na mwaka 1971 akaja Nairobi kwa kaka yake aliyekuwa fundi wa reli, Makongeni, akabeba mizigo Industrial Area hadi mwaka 1976, alipoajiriwa kwenye stoo ya kanda za kituo kimoja cha televisheni.

Tarehe 8 Aprili 1978 alifunga ndoa na Akech, mwanakwaya mcheshi aliyetumia mkono wa kushoto, wakajaliwa watoto wawili, Odongo na Aoko. Mwaka 1984 kituo kiliigiza ile hadithi tuliyotishwa nayo sote utotoni, ya mke marehemu anayerudi kila jioni kuwasha jiko, na mumewe haruhusiwi kugeuka, maana akigeuka tu, mke anatoweka. Aliyepangwa kuwa mzuka aliugua, mjomba akamtaja mkewe, na Akech akakaa kwenye kigoda akapepea jiko hadi watu mtaani wakaogopa kupika.

Kanda zilikuwa adimu siku hizo, mchezo ukishaonyeshwa kanda ilifutwa irekodiwe kitu kingine, na mwaka 1986 mjomba aliifuta hiyo kwa mkono wake mwenyewe, ikaingia mechi ya kandanda, naye hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa mchezo ungeigizwa tena na Akech alikuwepo. Haukuigizwa tena. Akech alifariki tarehe 3 Juni 1996 kwa homa ya mapafu, na mjomba akabaki na picha za ukutani tu, hana hata moja ambamo mkewe anasogea. Alimtamani mno, nasema wazi kwa sababu yeye hakuona haya, na wazee walipomsukuma aoe tena, aliwajibu kwamba nyumba yake ina mwenyewe.

Mwaka 2023 kijana Muoki, mtengeneza filamu kutoka Kware, alikuja kwake akitaka kuifanya upya hadithi hiyo kwa watazamaji wa leo, akamchagua Aoko awe mzuka. Muoki alitaka macho meupe na damu ukutani, mjomba aliomba jambo moja tu, mume akigeuka, mke asiondoke.

"Mzee, mzuka akibaki, watu si watacheka tu," Muoki alimwambia.

"Wewe hujaoa," mjomba akajibu.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa Desemba katika ukumbi wa mtaa, na mke akatoweka kama ada. Lakini Aoko, anayeandika kwa mkono wa kulia, alipepea jiko kwa wa kushoto bila kuambiwa na mtu, kwa sababu mapishi alifunzwa na mama yake, na wakati ukumbi mzima unapiga mayowe, mjomba alikuwa amesimama akilia, akiita, "Akech, Akech."

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024. Muoki alikuja kumwona wodini, akaketi, akaondoka, kisha akamchukua Aoko wakarekodi upya mwisho wa filamu jikoni kwa mjomba, na toleo hilo halijaonyeshwa mtu mwingine: mume anageuka, mke anamtazama, anaendelea kupepea. Mjomba alijua vizuri kwamba yule ni bintiye, akasema inamtosha, akawa analitazama kwenye simu kila jioni, na ndivyo alivyolala Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, wiki moja kabla ya kutimiza miaka sabini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa mashine kwa subira, jirani Kalekye ambaye uji wake haukukosekana, wazee wenzake wa stoo ya kanda, na Muoki, ambaye sasa ni wa nyumbani.

Pumzika kwa amani, mjomba, na ukifika ukasikia jiko linapepewa nyuma yako, usiogope, geuka.