Mwalimu Rudia na Sura ya Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wanamwita Rudia. Anajua, anajifanya tu hajui. Kuandika maneno haya ya kumuaga nimepewa mimi wa jikoni hapa chuoni, maana walimu wenzake kila mmoja alitaka kurasa kumi, na mimi ndiye pekee ambaye hajawahi kugombana naye juu ya kitabu.

Jina lenyewe lina sababu. Kila Alhamisi mchana yeye na walimu wenzake wanajifungia chumba cha mikutano wakibishana kuhusu riwaya za Kiingereza. Mgeni akisikia atadhani ni ndugu wanagawana urithi, kumbe wanamgombania mtu wa kitabuni ambaye hata hajawahi kuzaliwa. Sheria ya mwalimu ni moja: humpingi mwenzako mpaka urudie hoja yake, na mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Asipokubali, unarudia tena. Kuna mwalimu wa ushairi alirudishwa mara tano mpaka akasahau alikuwa anapinga nini. Sheria hiyo mimi nimeipeleka nyumbani, na mume wangu kapunguza maneno sana.

Mwalimu kaandika kitabu kimoja tu, ila kimesomwa hasa. Kinahusu riwaya za zamani, zile za majumba makubwa. Sura ya nne ilisema watumishi humo hawana uzito kwenye hadithi, wapo wa kufungua milango na kuleta barua. Miaka kumi na minne wanafunzi wakaandika hivyohivyo kwenye mitihani na maksi wakapata.

Ndipo akaja binti mmoja, mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Tasnifu yake ya shahada ya pili ikasema sura ya nne ni makosa. Watumishi ndio wanaojua nani alilia usiku, barua katoka nayo nani, kitanda gani hakikulaliwa. Ukiwatoa, hadithi haisogei. Siku anaitetea mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina, lakini moyoni nikasema huyu mtoto tumemtuma sisi.

Walimu wawili walitaka afelishwe. Walisema mtoto hamvui baba yake nguo hadharani. Akifeli, na ile kazi ya kufundisha aliyoahidiwa inaondoka. Wote wakamgeukia mwenye kitabu. Neno lake moja lingetosha kummaliza.

Yeye akaanza kuirudia hoja ya binti. Binti akasema sivyo, Mwalimu. Akarudia upya. Binti akasema bado. Wale wawili wakaangaliana. Mara ya tatu binti akasema ndivyo hasa. Sasa ikawa zamu ya mwalimu kupinga. Akafungua sura ya nne, akaisoma upya mpaka chai yake ikaota utando juu. Halafu akasema binti kasema kweli, apite.

Kesho yake nikamkuta maktaba na chupa ya gundi. Nakala zote sita za kitabu chake kazibandika kikaratasi kwenye sura ya nne: Hapa nilikosea, soma kazi ya mwanafunzi wangu, rafu ya pili. Vidole vyake viligandana, nikamletea maji ya moto. Akaniuliza kama mimi nilikuwa nalijua hilo la watumishi siku zote. Nikamwambia Mwalimu, hukuniuliza.

Binti huyo leo ni mwalimu mwenzetu, na kuanzia wiki ijayo Alhamisi ni zake.

Mwalimu, hapa wenye vyeo na maneno makubwa tumewaona wengi. Tunakushukuru kwa mafunzo yote, lakini zaidi kwa kukosea mbele yetu bila kujificha. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana, na vitabu vya kusoma polepole ambavyo huna haja ya kuvitungia mtihani.