Mwalimu Mwaro na Pembetatu ya Kahonzi

Tarehe 31 Julai, Mwalimu Simeon Mwaro anastaafu baada ya kufundisha hisabati shuleni kwetu Matsangoni kwa miaka thelathini na minne. Katika muda wote huo hajawahi kuchelewa, hajawahi kuugua siku ya mtihani, wala hajawahi kukosea. Hilo la tatu ni kwa maelezo yake mwenyewe.

Kwake pembetatu ina nyuzi 180, basi. Aliyeuliza kwa nini, alitumwa kufagia maabara, na maabara yetu haikuwahi kuwa na vumbi.

Mwaka 2019 Kahonzi Pola, msichana wa kidato cha tatu kutoka Jilore, alichora pembetatu juu ya mpira wa miguu. Pembe zote tatu zilikuwa pembemraba, nyuzi 90 kila moja: jumla nyuzi 270. Alieleza vizuri kwamba kanuni za ubaoni zinachukulia kuwa uso ni bapa. Ukibadilisha dhana hiyo ya msingi, unapata jiometri nyingine, nayo ni sahihi vilevile. Kazi hiyo ndiyo aliyotaka kwenda nayo kwenye mashindano ya kaunti.

Mwalimu alichukua kipimapembe chake kikubwa cha mbao, akakiweka juu ya mpira. Kikayumba. Akaamua kwamba mpira ni mbovu, akasafiri hadi Malindi kumrudishia Mansur aliyetuuzia. Mpira wa pili nao ulipotoa 270, alisema Mansur ameletewa shehena nzima mbovu. Kisha akalikata jina la Kahonzi kwenye orodha ya mashindano.

Mimi, Shahida Amin, mwalimu mwenzake, niliujua ukweli nikanyamaza, kwa kuwa fomu yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi yake. Naona haya hadi leo. Kahonzi hakunyoosha mkono tena darasani. Sasa analima mahindi na mamake.

Juzi, wakati wa chai ya saa nne, Mwalimu alitutangazia kifua mbele kwamba amesoma kitabuni: pembetatu ya kwenye mpira hupita nyuzi 180. Ungedhani amevumbua yeye. Jina la Kahonzi hakulitaja.

Mwalimu, tunakushukuru kwa mamia ya watoto uliowafaulisha, na hilo halina mzaha. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Ila Ijumaa ya kwanza ambayo hutakuwa na kipindi, twende Jilore ukamwambie Kahonzi kwamba alikuwa sahihi. Nitakufuata, maana nami nina la kumwambia.