Maisha ya Kaka Yetu Gundi, Mlinda Wiketi na Mjalidi Vitabu

Ndugu na jamaa, majirani, wachapaji na wanamichezo mliokuja kumsindikiza kaka yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi ya kwanza aliiandika binti yake kwa utaratibu mnaoujua, lakini zilizobaki nimeziandika mwenyewe tangu juzi, na sauti yangu bado haijatulia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Gundi, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Machi 1959, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi, kwa kuwa baba yetu alikuwa mtunza kiwanja wa klabu ya kriketi ya mji huu, na mama yetu alifua nguo nyeupe za wachezaji, akizianika kwenye kamba iliyotoka dirishani kwetu hadi kwenye uzio. Mimi nilizaliwa mwaka 1962, na dada yetu mwaka 1965, naye dada alitutangulia mwaka 2009.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 akamaliza Novemba 1972, kisha akasoma sekondari kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, na darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, walimu wake hawakuwa na la kumlalamikia wala la kumsimulia, isipokuwa mwalimu wa michezo, ambaye mwaka 1971 aligundua kwamba mtoto huyu mfupi hapepesi macho mpira ukimjia, akamweka nyuma ya vijiti, na hapo akakaa miaka ishirini.

Kwa wale ambao hawaujui mchezo wetu, mlinda wiketi ndiye anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu, amevaa glavu, na kazi yake ni kudaka kila mpira uliompita mpigaji, na ikiwa mpigaji ameugusa kwa kibao chake, nao ukadakwa kabla haujafika chini, basi mpigaji huyo ametoka. Akifanya kazi hiyo sawasawa mchana kutwa, hakuna anayemtazama, bali akikosa mara moja tu, uwanja mzima utamjua kwa jina.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kujalidi vitabu, na humo alifanya kazi miaka thelathini na saba, kwenye meza ndefu iliyokaa chini ya dirisha linalotazama ukuta, akishona karatasi kwa uzi na sindano, akizibana kwenye shinikizo la chuma, akipaka gundi kwa brashi, hata nguo zake zilikuwa na harufu ile siku za kazi na siku za mapumziko. Jina la Gundi alipewa na wenzake wa kiwandani, sisi wa kiwanjani tukalidaka, kwa sababu mpira ukiingia katika mikono yake ulikuwa umefika nyumbani.

Mwezi Novemba 1979 aliitwa katika timu ya kwanza ya klabu, akaichezea misimu kumi na miwili, na daftari la klabu linaonyesha kuwa aliwatoa wapigaji mia tatu na kumi na mmoja, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake wala baada yake. Upande wa kupiga, na yeye mwenyewe angetaka niseme, alikuwa wa mwisho katika orodha, na tangu aanze hadi anaacha hakuwahi kuvuka alama kumi na tisa, tulikuwa tukimtania kwamba Gundi akishika kibao, mpika chai azime jiko na dereva awashe gari, naye alicheka kuliko sisi.

Mimi nilikuwa mrushaji wa mipira ya polepole, ile inayozunguka ikitua, na mrushaji wa namna hiyo bila mlinda wiketi ni kipofu bila mkono wa kushika. Kaka alijua kutokana na bega langu mpira utaelekea wapi kabla sijauachia. Kwa kazi hiyo alivunjika vidole saba kati ya kumi, wala hakukosa mechi kwa ajili hiyo, alivifunga kwa vipande vya kadibodi kutoka kiwandani, akameza vidonge vya maumivu, akarudi kuchuchumaa, na kidole chake kidogo cha kushoto hakikunyooka tena mpaka leo tunapomzika.

Tarehe 4 Agosti 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona, wakati huo akiwa mpokea simu wa posta, ambaye alikuja kiwandani kuleta kitabu cha namba za simu kilichochakaa, akaambiwa arudi baada ya siku tatu, akarudi kesho yake. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1990, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu wanne. Kwa miaka mingi shemeji ndiye aliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, kwani vidole vile vilikataa, na hatukuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo kama mzigo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo halimo katika karatasi ya binti yake.

Jumapili tarehe 13 Januari 1991 tulicheza fainali ya klabu za mikoa, fainali ya kwanza katika historia ya klabu yetu, nami nilikuwa nahodha. Wapinzani walibakiwa na wapigaji wawili wa mwisho, wakihitaji alama tisa, sisi tukihitaji kumtoa mmoja tu. Nilirusha mpira nilioukusudia tangu asubuhi, mpigaji akaugusa kidogo, ukashuka chini sana, kaka akajitupa kwa ubavu wa kushoto, akainuka nao. Mwamuzi akainua kidole kuonyesha kwamba mpigaji ametoka, wenzetu wakaanza kukimbia huku na huko, baba yetu, ambaye alikuwa na miaka sabini na moja, akatupa kofia juu. Kaka hakukimbia. Alitembea hadi kwa mwamuzi, akasema kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia vizuri, "Umegusa chini kabla sijaushika." Mwamuzi akamuuliza kama ana hakika, kaka akajibu, "Glavu ni zangu, ninajua."

Mpigaji akarudishwa, na baada ya mipira kumi na mmoja walipata alama zao tisa. Baba yetu aliokota kofia yake, na tuliporudi nyumbani akaenda kufungia mashine bandani, akafariki mwezi Septemba mwaka huohuo bila kuliona kombe lile, na klabu yetu haijafika fainali nyingine hadi leo. Njiani kurudi mimi, niliyekaa kiti kimoja na kaka yangu, niligeukia dirishani safari nzima.

Jumamosi tarehe 9 Februari kamati ya klabu ilikutana, ikaamua kwamba timu inahitaji mlinda wiketi anayeweza pia kupiga, na nafasi ya kaka akapewa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mzima na mchezaji hodari, ambaye yuko hapa leo na hana kosa lolote. Iliandikwa hivyo, na kwamba kaka hakujua kupiga kila mtu alilijua. Lakini alikuwa hajui kupiga kwa miaka kumi na miwili na hatukumwacha. Tulimwacha kwa sababu alisema kweli siku ile, na aliyetoa hoja nilikuwa mimi.

Sikumwambia. Nilimwacha aisome orodha kwenye ubao wa matangazo, siku ya mazoezi, amevaa tayari. Aliisoma, akaisoma tena, akanijia nilipokuwa nimeinama nikijifanya nafunga viatu, nami nilijiandaa kwa maneno makali. Akasema mwalimu yule ni mpigaji mzuri, ila mpira ukiruka anafumba macho, basi tumwambie awe anakuja siku za Jumanne, yeye kaka atamfundisha. Na alimfundisha, misimu miwili, kila Jumanne akitoka kazini, akichuchumaa pembeni yake na magoti yaliyokwisha kuchakaa, hadi mwalimu akaacha kufumba macho. Yeye mwenyewe hakucheza tena mechi hata moja.

Tukaendelea kuishi. Kila Jumapili mchana kwa miaka thelathini na miwili nilikula nyumbani kwake, mimi na mke wangu na baadaye watoto wetu, tukazungumza kuhusu shule, paa linalovuja, bei ya karatasi, na kriketi ya watu wengine, wala fainali ile haikutajwa mezani hata siku moja. Nilidhani amesahau, au labda nilitaka kudhani hivyo.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2014. Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu na kuchoka, na tarehe 6 Mei mwaka huo daktari wa figo alitueleza kwamba figo zote mbili zimeharibika, akauliza ametumia vidonge vya maumivu kwa muda gani, kaka akacheka kidogo akasema tangu alipokuwa na vidole vilivyonyooka. Tangu hapo alilazimika kusafishwa damu kwa mashine, siku ya Jumanne na ya Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, katika chumba cha viti vinane, na zamu yangu ya kumpeleka ilikuwa Ijumaa. Nilikaa kando yake Ijumaa nyingi sana nikiwa na neno moja mdomoni, na kila mara nilimuuliza kama anataka maji, hali nilijua kwamba maji alikatazwa kunywa zaidi ya kikombe kimoja.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 19 Machi 2023, alishindwa kupumua, akakimbizwa hospitali, na saa tatu asubuhi akafariki dunia, mkewe na binti yake wakiwa kando yake, mimi nikiwa ngazini napanda. Alikuwa ametimiza miaka sitini na minne na siku nane.

Jumatatu, tulipokuwa tukipanga nguo zake, nilimwambia shemeji kile nilichoshindwa kumwambia mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja shati alilokuwa nalo, kisha akasema, "Shemeji, alijua."

Akanieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 1991 katibu wa klabu, bila kufikiri, alipeleka kumbukumbu zote za vikao vya mwaka kiwandani zijalidiwe, zikaangukia kwenye meza ya kaka, na yeye, ambaye hakuwahi kushona karatasi bila kuhakikisha kurasa zimefuatana, alizipitia moja moja akafika kwenye kikao cha tarehe 9 Februari, akaona jina la aliyetoa hoja. Jioni alimsimulia mkewe, naye akataka kuja kwangu usiku uleule, kaka akamzuia. Maneno aliyomwambia shemeji ninayasoma kama alivyonipa, maana tangu Jumatatu sijaweza kuyatoa kichwani: "Yule ni mdogo wangu. Usimwambie kwamba najua, atashindwa kuja kula hapa."

Jana niliomba ufunguo wa kabati la klabu. Kitabu kipo, kina mgongo wa kitambaa chekundu na mwaka umepigwa kwa herufi za dhahabu. Ukurasa ule haukutolewa wala haukukunjwa, umeshonwa pamoja na mingine, umekaa sawa kabisa.

Familia inatoa shukrani kwa daktari wa figo na wauguzi wa chumba cha mashine, waliomhudumia kwa karibu miaka minne na kumwita babu wa kiti cha tatu, kwa majirani, hasa dereva wa jirani aliyeacha kitanda chake alfajiri ile bila kuuliza swali, kwa wachapaji wenzake waliochapa bila malipo karatasi mlizoshika mikononi, kwa wanaklabu wote, na kwa mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akimpeleka hospitali kila Jumanne bila kukosa hata moja, jambo ambalo mimi sikulijua hadi wiki hii, nilidhani anapelekwa na mwanawe. Kwa wale ambao hatukuwataja, tunaomba mjihesabu mmetajwa.

Kaka, ile hoja niliitoa mimi, ulidaka mpira safi maisha yako yote na siku moja uliyosema haikuwa hivyo nilikuadhibu, ukanikaribisha chakula miaka thelathini na miwili ili nisione aibu, nami sikukuomba radhi ulipokuwa ukinisikia. Nakuomba leo mbele ya watu hawa, nikijua kwamba nimechelewa. Lala, kaka yangu, na amani niliyokunyima mimi uipate huko uendako.